Kalenga na Jeneza la Malakiti

Kalenga Evariste hutengeneza majeneza katika mtaa wa Kikula, Likasi, pale barabara inapoteremka kuelekea sokoni. Hutengeneza milango na vitanda pia, lakini wanaomjua wanamjua kwa majeneza. Akimaliza moja, huweka ndani yake mifuko miwili ya simenti, akalinyanyua upande wa kichwa, kisha upande wa miguu, huku ametega sikio. Mbao zikilia, analifumua na kuanza upya. Ni mtu wa maneno machache, na kalamu ya risasi haikosi sikioni mwake. Maneno yake huyatunza kwa ajili ya Jumapili alasiri, kiwanjani, anapovaa jezi ya njano ya Nyuki, timu ya Kikula, na kuwa mtu mwingine kabisa. Hapo anamtukana mwamuzi, anamwombea mabaya mshambuliaji wa wageni, na mpira ukiisha anarudi kwenye ukimya wake kama mtu aliyevua kofia.

Mashabiki wa huku kwetu wana desturi. Timu ikishinda mechi kubwa, mashabiki wake hubeba jeneza lililopakwa rangi za timu iliyoshindwa. Wanawake hujifunga vitambaa kichwani, nyimbo za matanga huimbwa, watu hulia machozi ya uongo mtaa mzima, na mwisho jeneza huchomwa moto kwenye njia panda. Kwa upande wa Nyuki, jeneza hilo la mchezo hutengenezwa na Kalenga. Hulifanya upesi, kwa mbao za masanduku ya mizigo na misumari midogo, kwa sababu halina safari ndefu. Chini hulitia katoni ngumu, analipaka rangi, na hakuna awezaye kutambua. Hilo pekee, katika yote anayotengeneza, ndilo ambalo halijapata kuwekewa simenti.

Mwezi wa tano Nyuki walikutana na Malakiti ya Kakanda. Zilikuwa mechi mbili, Jumapili mbili mfululizo, ya kwanza kwetu na ya pili Kakanda, na mshindi angepanda daraja. Kalenga alipaka jeneza rangi ya kijani, rangi ya jiwe lile ambalo Malakiti wamechukua jina lake. Nyuki walifunga mapema. Mpira ulipokaribia kuisha, watu walianza kumpigia kelele, wakimwita seremala kwa Kifaransa: "Papa Menuisier, toa sanduku! Tuzike!" Naye akatoa. Alikuwa na sababu yake ya haraka. Upande wa pili wa kiwanja, kati ya mashabiki wa Malakiti, alikuwa amesimama shemeji yake Adolphe, mdogo wa mkewe Eugénie, mnunuzi wa madini kule Kakanda, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kalenga alitaka Adolphe alione lile jeneza kabla hajaondoka.

Walilipitisha nyuma ya goli lao wenyewe wakiimba. Malakiti walikuwa wamepata kona. Georges, kipa wa Nyuki, alisikia wimbo wa matanga mgongoni, akageuza kichwa kutazama. Kona ikapigwa. Alipogeuka tena, mpira ulikuwa ndani ya wavu.

Bao moja kwa bao moja. Mwamuzi akapuliza filimbi, ikawa sare.

Hakuna aliyeimba tena. Watu waliokuwa wamebeba jeneza waliliweka chini wakasogea mbali nalo, kila mmoja kama si yeye aliyelibeba. Kulirudisha nyumbani haikuwezekana, maana kwetu jeneza lililotoka kwa wimbo wa matanga halirudi mtaani kabla ya kuzika. Hata la mchezo, hakuna anayetaka kulijaribu. Wakalisukuma nyuma ya ukuta wa vyoo, wakisema watakuja kulichoma asubuhi. Njiani, Ghislain, kiongozi wa wapiga ngoma, alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Leo haina Malakiti njo ilitufunga. Ni sanduku ya Papa Kalenga."

Watu walicheka kicheko kibaya. Kalenga aliendelea kutembea. Alijua kwamba ni kweli, si Malakiti waliowafunga bali jeneza lake, na kwa sababu ilikuwa kweli alihitaji mtu wa kumchukia, na huyo mtu alikuwa na jina na namba ya simu.

Asubuhi jeneza halikuwepo. Mashabiki wa Malakiti walikuwa wamelipakia kwenye lori lao na kuondoka nalo. Mchana Adolphe alituma picha: jeneza lilelile, limeegemezwa kwenye ukuta wa baa huko Kakanda, limepakwa njano juu ya kijani. Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti, akimwita Kalenga beau, yaani shemeji, na Eugénie yaya, yaani dada mkubwa.

"Beau, salamu kwako na kwa yaya Eugénie. Tunashukuru kwa zawadi, muko bantu muzuri. Siku ya Mungu, tukisha kubafunga, tutabazika na sanduku yenu. Na miye mwenyewe njo ntalala mule ndani, na jezi ya njano, na crayon kwa sikio, juu bantu bajue ni Kalenga njo alikufa. Usiogope, beau. Tutalia muzuri."

Nyuma ya sauti hiyo watu walikuwa wanacheka mpaka wanakohoa.

Kalenga alisikiliza ujumbe huo akiwa amesimama katikati ya karakana, randa mkononi. Aliusikiliza tena. Mara ya tatu uso wake ulilegea, akatabasamu. Adolphe analala ndani. Adolphe, mwili wote ule, juu ya katoni ya friji iliyoshikwa na misumari ya kutundikia picha.

Wiki hiyo alikuwa mtu mwenye furaha, na furaha yake haikuwa nzuri kuitazama. Alipiga randa huku akipiga mluzi. Ghislain alipopita na kumtania kuhusu sanduku, hakukasirika. Alimpa hata kiti. Kichwani alikuwa analiona tukio lote: watu wanane wamebeba, ngoma zinapigwa, Adolphe amefumba macho na kujifanya maiti, njia nzima ya Kakanda imejaa watu. Kisha mlio mmoja mdogo. Kisha makalio ya Adolphe yanatokea chini kama gunia linalotoboka, miguu imebaki juu, kalamu iko sikioni bado. Wakati mwingine aliona anaangukia vumbi. Wakati mwingine, alipokuwa na hasira zaidi, aliona anaangukia matope, ingawa mvua ilikuwa imekwisha msimu wake. Hata kushinda mechi kulianza kuwa jambo la pili kwake. Nyuki wakifungwa, jeneza litabebwa. Likibebwa, Adolphe ataanguka. Kwa njia yoyote, Jumapili ilikuwa yake.

Eugénie alimwona. Alikuwa amekaa nje anachambua majani ya muhogo, na mluzi ule ulimchosha.

"Weye iko na nini? Tangu mulikosa kushinda unaimba kama bwana arusi."

Kalenga alimwambia, maana alihitaji kumwambia mtu mmoja. Alimweleza habari ya katoni, ya misumari, ya mlio mdogo. Alipofika kwenye makalio alicheka peke yake.

"Ni mudogo yangu," Eugénie alisema. "Atavunjika mugongo."

"Atavunjika kiburi."

Eugénie aliendelea kuchambua majani. Kalenga alingoja alie au amkaripie, akiwa tayari na majibu. Lakini aliposema, hakusema juu ya Adolphe.

"Sawa. Aanguke. Iko na mafuta, ataamuka. Lakini wakati ataanguka, bantu batakamata simu. Batapiga film. Na bataandika nini?"

"Bataandika Adolphe ameanguka."

"Adolphe ni nani? Bataandika: sanduku ya Kalenga ya Likasi imeachilia muntu mu njia." Aliweka jani chini. "Kesho kutwa mama mwenye kufiwa atakuya hapa. Ataangalia sanduku zako. Atakumbuka ile film. Ataenda kununua kwingine, na hatakuambia juu ya nini."

"Ile ni ya kuchezea! Kila muntu anajua."

"Andika basi juu yake: hii ni ya kuchezea."

Kalenga aliingia karakana. Alikumbuka mwenzake mmoja wa mtaa wa Panda, fundi mzuri, ambaye jeneza lake lilifunguka chini siku ya mvua, makaburini, mbele ya familia. Kosa lilikuwa la mvua na la wabebaji waliolikokota juu ya mawe. Hakuna aliyetaka kusikia hayo. Sasa mtu yule anauza makaa, na watu wakipita mbele ya magunia yake bado wanasimuliana.

Siku mbili Kalenga hakupiga mluzi. Alimchukia Adolphe zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu sasa hakuweza hata kumwacha aanguke. Alijaribu kutafuta njia. Angeweza kumpigia simu na kumwambia asilale ndani, lakini Adolphe angesema beau ameogopa, na angelala mara mbili. Angeweza kwenda kulivunja jeneza, lakini lilikuwa mikononi mwao. Ijumaa alishusha kutoka juu ya paa ubao mmoja wa mukula, ule mti mwekundu ulio mzito kama chuma, uliokuwa fremu ya mlango katika nyumba ya zamani ya Wabelgiji. Alikuwa ameutunza kwa miaka mingi akingoja kazi inayostahili. Akaupasua kwa urefu, akaunga vipande, akapata kitako kimoja kinene. Alipokinyanyua, magoti yalimtetemeka kidogo, akafurahi kwa mara ya kwanza tangu Eugénie aseme. Angalau watakaolibeba watajua wamebeba.

Jumapili, lori la mashabiki lilikuwa halijaondoka wakati yeye alipopanda pikipiki ya kukodi, kitako kimefungwa nyuma kwa kamba za mpira, akashika barabara ya Kambove. Alifika Kakanda mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Jeneza lilikuwa palepale lilipoonekana kwenye picha, mbele ya baa ya Mama Princesse. Adolphe na wenzake walikuwa wamelizunguka wakinywa.

"Oh, oh! Maiti imekuya yenyewe!" Adolphe alipiga makofi. "Beau, umekuya kujipima? Karibu, lala kwanza tuone kama miguu inaingia."

"Nimekuya kutengeneza."

"Kutengeneza nini? Ni sanduku yetu."

"Mikono ni yangu," Kalenga alisema, akaanza kufungua kamba.

Walipouona ule ubao mwekundu, kicheko kilipungua. Mmoja alisema usiguswe, ni dawa, watu wa Kikula wamemtuma alete uchawi ili Malakiti wasifunge goli. Mwingine aliunusa. Waliugeuza, wakatafuta tundu lenye unga au nywele, hawakuona kitu. Mwisho walimwita Mama Princesse, mwenye baa, ambaye huuza bia kila siku, hata Jumapili, na kusali kwa nguvu siku zote. Aliweka mkono juu ya mukula, akafumba macho, akaukemea kwa jina la Yesu kwa muda mrefu, huku Kalenga amesimama pembeni na nyundo yake kama mtu anayengoja zamu kwa kinyozi.

"Ni mbao tu," Mama Princesse alisema mwishowe. "Lakini ni mbao nzito."

Kalenga alilipindua jeneza. Aliweka kidole kimoja katikati ya kitako chake na kusukuma. Kidole kikapita mpaka ndani. Akakitoa, akasukuma mahali pengine. Kikapita tena.

Adolphe aliweka chupa chini, akainama, akatazama yale matundu mawili, kisha akajitazama tumbo.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu ulituma sauti yako."

"Na ulinyamaza?"

"Nilinyamaza. Ilikuwa tamu."

"Beau! Ningevunjika!"

"Njo nilitaka," Kalenga alisema, akipanga skrubu zake juu ya kitambaa. "Na ningali nataka. Usinishukuru. Haina kwa ajili yako. Sanduku yangu haiangushe muntu mu njia, hata kama ni weye. Kama unataka kuanguka, tafuta sanduku ya muntu mwingine."

Alifanya kazi yake mpaka ikaisha. Aling'oa katoni, akapachika mukula, akaongeza vishikizo vya mbao ndani ya kuta zile dhaifu. Hakuna aliyemtania tena wakati anafanya kazi. Alipomaliza alidai mifuko miwili ya simenti, wakatafuta jirani aliyekuwa anajenga, wakaileta. Alilinyanyua upande wa kichwa, kisha upande wa miguu, ametega sikio. Halikulia. Akakusanya vyombo vyake, akavaa jezi ya njano, akaenda kiwanjani.

Ningependa kuandika kwamba Nyuki walishinda. Kalenga alisimama nyuma ya goli la Malakiti akawalaani mmoja mmoja kwa namba za migongo yao. Georges, ambaye wiki nzima alikuwa ametukanwa mtaani kwetu, alidaka kila kitu, hata penalti. Lakini karibu na mwisho mpira uligonga mguu wa beki wetu mwenyewe, ukabadili njia, ukaingia polepole. Georges alikuwa ameshalala upande mwingine. Safari hii hakukuwa na wimbo wowote wa kulaumiwa. Malakiti moja, Nyuki hakuna. Wao walipanda daraja.

Watu wa Kikula walikimbilia lori. "Panda, Papa Kalenga! Batatucheka!" Ghislain alimshika mkono. Kalenga aliutoa.

"Mungojee," alisema. "Nataka kuona."

Walimzika basi, naye akitazama. Adolphe alilala ndani na jezi ya njano iliyomfikia kitovuni tu, kalamu sikioni, mikono imekunjwa kifuani. Watu wanane waliinama, wakanyanyua, na nyuso zao zikabadilika. Walifika kwenye duka la kwanza wakabadilisha mabega. Walipofika kwenye kituo cha pikipiki, wanne walikuwa wameachia wengine. Mtu mmoja alilia kwa kweli, akishika kiuno. Kalenga alitembea kando ya jeneza, karibu kabisa, kama ndugu wa marehemu. Mashabiki wa kijani walimrukia mbele ya uso, wakampigia vigelegele, wakamwuliza anajisikiaje kujizika. Hakuwaona. Macho yake yalikuwa kwenye viungo vya mbao, na masikio yake kwenye kitako. Walikuwa wanacheza, wanalirusha, wanalizungusha, na lile jeneza halikutoa sauti hata moja.

Adolphe alifungua jicho.

"Beau, lia basi kidogo. Bantu banakuangalia."

"Lala. Maiti haisemake."

Kwenye njia panda walimteremsha Adolphe, wakamwaga petroli, wakawasha. Kuta zilishika moto mara moja, zikaanguka ndani, na watu wakapiga kelele za furaha. Rangi ya njano ilitoa moshi mweusi. Kisha moto ukapungua, ukazimika, na katikati ya majivu ulibaki ubao wa mukula, mzima, umekuwa mweusi juu tu. Wakaongeza petroli. Moto ukaruka, ukacheza juu yake, ukafa. Adolphe aliusukuma kwa kiatu. Haukuvunjika. Watu walianza kuondoka, kwa sababu kusimama mbele ya kitu kisichotaka kuungua hakuna raha, na bia ilikuwa inawangoja.

Kalenga aliomba ndoo ya maji kwa mwanamke aliyekuwa anauza samaki pale, akaumwagia ubao, akangoja mvuke uishe. Kisha akauinua mwisho mmoja, akaingiza bega chini yake, akasimama nao.

"Unapeleka wapi?" Adolphe aliuliza. Alikuwa bado na kalamu sikioni.

"Kwetu."

"Ya kufanya nini?"

Kalenga aligeuka taratibu, kwa sababu ya uzito. Hakuna fundi wa majeneza huku kwetu anayempima mtu aliye hai. Hatakutazama hata mabega kwa muda mrefu ukiwa umeketi kwake, na ukimwuliza utaingia katika lipi, atabadilisha mazungumzo. Ni heshima, na ni woga pia, wa kumwitia mtu kifo. Kalenga alimtazama shemeji yake kuanzia utosini mpaka kwenye viatu, bila haraka, kisha toka bega hadi bega.

"Umelala mbele yangu njia muzima," alisema. "Sasa niko na kipimo yako. Mwaka unaokuya, Nyuki tukipanda, tutakutana. Sanduku yenu ntaifanya na hii mbao. Haitakuwa na katoni. Itakuwa sawasawa na weye, mabega, tumbo, yote. Na siku ile hautaingia kwa kucheza. Tutakuingiza."

Adolphe alicheka. Kicheko hicho kilianza vizuri, kikakosa mahali pa kuishia. Alitoa kalamu sikioni akaitupa, akasugua mabega yake kama mtu aliyesikia baridi.

"Beau, ni mupira tu."

"Njo vile. Ni mupira tu," Kalenga alisema, akaenda na ubao wake mpaka kwenye lori.

Sasa timu imeanza mazoezi. Kalenga huenda kutazama kila jioni, hata siku za kukimbia tu bila mpira, na Georges akizembea anamzomea kuliko kocha. Karakanani ule ubao umeegemezwa ukutani, ametoa ngozi ya moto kwa randa, na wekundu umerudi. Mteja mmoja aliuona akauulizia, alikuwa tayari kuuchukua kwa ajili ya baba yake. Kalenga alimwonyesha mbao nyingine.

"Ile iko na mwenyewe," alimwambia. "Anaishi Kakanda."